Oili nzito haiponyi injini inayotoa moshi
Wanunuzi wengi wa pikipiki kuukuu huamini kwamba injini inayotoa moshi wa bluu, ikiwa si ya kuchanganyiwa oili na petroli, hupona ikiwekewa oili nzito zaidi. Moshi huo ni oili inayoungua ndani ya silinda, na oili nzito huweza kuupunguza kwa muda kwa kuwa hupita polepole kwenye nafasi zilizolika. Lakini ringi zilizochakaa, yaani pete za pistoni zinazoziba nafasi kati yake na silinda, hubaki zilivyo, na injini inapowashwa ikiwa baridi oili hiyo huchelewa kufika sehemu za juu, penye valvu. Kwa kuwa huficha moshi kwa muda, haishangazi kwamba wauzaji wa pikipiki hupenda dawa hii.

Moshi unaotoka kwa muda mfupi tu baada ya kuwasha pikipiki iliyolala usiku kucha kwa kawaida huashiria kuchakaa kwa sili za valvu, vizibo vidogo vinavyozuia oili isipenye kwenye valvu, ambazo si ghali. Moshi unaozidi injini inapobeba mzigo huashiria ringi. Hapo fundi hupima kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda, humimina oili kidogo kupitia tundu la plagi, kisha hupima tena. Kipimo kikipanda sana, ringi au silinda imechakaa. Kisipopanda, valvu zichunguzwe. Silinda iliyolika kupita kiasi huchongwa kwanza na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, kwani ringi mpya pekee hazitaiziba.