Nyumba ya mawe, waya mpya: tafuta njia kwanza

Kaka mmoja anayeishi Maskati alinitumia video ya sebule yake. Ukutani hakuna kiyoyozi, hakuna bomba, hakuna waya. Kuna vijidirisha vya chuma darini tu, na baridi inashuka kutoka huko kimya kimya. "Fundi, nyumba ya marehemu mzee nataka iwe hivi hivi," akasema. Nyumba yenyewe iko Mji Mkongwe, Unguja, ghorofa mbili juu ya duka, na ukuta wake nilipoupima pale dirishani nilipata sentimita 55.

Nilimwambia nitakwenda kuitazama. Mteja aliye mbali ukimwambia hapana kwenye simu, anatafuta fundi mwingine wa kumwambia ndiyo, na huyo ndiye atakayeibomoa.

Kuvuta waya kwenye nyumba ya zamani ni kazi ya siku chache. Kinachokula wiki ni njia: waya upite wapi, bomba la kiyoyozi litokee wapi, maji yake yamwagikie wapi, bila kuiumiza nyumba. Kwenye nyumba ya matofali ya siku hizi hulifikirii sana jambo hili. Unapiga grinda, unachimba, unalaza bomba, unarudisha lipu. Nyumba ya mawe haitaki hivyo.

Ukuta wake umejengwa kwa mawe ya matumbawe, makubwa kwa madogo, yameshikwa na chokaa na udongo. Nje unaonekana mzima kama jabali, lakini ndani kati ni vifusi vilivyojazwa. Juu zimelazwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiendi mbali, vyumba vingi vina upana wa mita mbili na nusu hadi tatu. Juu ya boriti wamepanga mawe, na juu ya mawe wakashindilia chokaa ikawa sakafu ya ghorofa ya pili. Ukiangalia dari unaona boriti zenyewe. Hakuna uwazi wowote wa kufichia kitu. Zile nyumba za maduka zilizojengwa baadaye na Wahindi zina dari za mbao, na hapo unaweza kupata nafasi kidogo, pamoja na panya wake.

Nina dhambi yangu ya kuungama hapa. Nilipokuwa kijana nilichimba mfereji wa ulalo chini ya safu ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa grinda na drili ya kugonga, ili nipate njia fupi ya kupeleka soketi upande wa pili. Mfereji ulitoka umenyooka, nikaupiga picha kwa furaha. Usiku lipu yote iliyokuwa juu yake ikashuka pamoja na mawe matatu. Asubuhi bi mkubwa mwenye nyumba alinikalisha barazani, akanipa chai, akaniambia: "Mwanangu, ukuta huu ulikuwa umelala. Wewe umeuamsha." Nililipa fundi chokaa kwa pesa yangu. Tangu hapo kwenye kuta hizi sichimbi mfereji wa ulalo, na drili naizungusha tu bila kugonga. Nikilazimika kuchimba, nachimba wima, kifupi, kwa tindo na mkono, na narudishia chokaa na mchanga. Saruji hapana. Chokaa inaruhusu unyevu uingie na utoke, saruji inaufungia ndani, na chumvi iliyomo kwenye matumbawe inatafuta pa kutokea. Baada ya misimu miwili ya mvua utaona mstari wa saruji umevimba na kubanduka, na kisanduku cha chuma cha swichi kimeshika kutu mpaka skurubu haigeuki.

Mafundi wa zamani hawakuchimba. Walipigilia ubao mwembamba juu ya ukuta, wakapitisha waya juu yake kwa klipu, wazi kabisa, umenyooka kama mstari wa daftari. Leo watu wanauona ushamba. Mimi naona walikuwa na akili. Bomba jembamba la juu ya ukuta, limelazwa kwenye pembe chini ya boriti na kupakwa rangi ya ukuta, halionekani ukishaweka pazia. Likiharibika unalifungua kwa bisibisi.

Turudi kwenye nyumba ya yule kaka. Nilifungua silingi rozi ya ukumbini, kile kifuniko cha darini taa inaponing'inia, nikakuta waya wa mpira uliovikwa pamba. Karibu na taa, mahali ambapo joto limekaa miaka na miaka, mpira umekauka mpaka nilipougusa ukamwagika mkononi kama makombo ya biskuti, shaba ikabaki uchi. Waya wa namna hii ukiuacha bila kuuchezea unaweza kukaa hivyo hivyo. Siku unapobadilisha holda tu, ukaukunja, ndiyo siku unaanza kugusana. Kwa hiyo sikubali kazi ya "badilisha swichi na soketi tu, waya uache". Mengine nabembelezeka, hilo hapana.

Nyumba hiyo ilikuwa na vizazi vitatu vya waya kwa pamoja. Kulikuwa na huo wa mpira, kulikuwa na wa plastiki wenye rangi nyekundu na nyeusi, na kulikuwa na mpya wa kahawia na buluu. Hapa wenzangu vijana tahadharini. Rangi zetu tulizirithi kwa Waingereza, na wao walibadilisha kuanzia 2004. Kwenye mfumo wa zamani nyeusi ni nyutro, waya wa kurudishia umeme, na buluu ni fezi ya tatu, fezi ni waya unaoleta umeme. Kwenye mfumo mpya buluu ndiyo nyutro, na nyeusi inaweza kuwa fezi. Ukiamini rangi kwenye nyumba iliyochanganya yote mawili, utaamini na kifo. Pima kwanza.

Kupima nako kuna msimu wake. Mega, kile kipimo cha kuonyesha kama ganda la waya linavujisha umeme, ikiwa ya volti 500 inapaswa kukusomea angalau megaohmu 1 kati ya waya na erthi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, baada ya kutoa taa na vyombo vyote. Nyumba ileile ukiipima Januari kaskazi inavuma itakupa namba nzuri. Ipime Aprili, masika yameingia ukutani, uone. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua, napima wakati wa mvua.

Kilichonitia hofu zaidi kilikuwa erthi. Zamani walikuwa wanafunga waya wa erthi kwenye bomba la maji la chuma, na bomba lenyewe limezama ardhini, basi kazi imekwisha. Hapo nilikuta klipu ya shaba imekaza vizuri kwenye bomba, nikafurahi. Nikalifuata bomba kwa macho mpaka chini ya ngazi. Pale fundi bomba alikuwa amelikata, akaunga plastiki mpaka barabarani. Erthi ya nyumba nzima ilikuwa imeishia hewani, na hakuna aliyejua, kwa sababu erthi haikwambii kwamba haipo. Jokofu lilikuwa linawapa watoto "vibrashi", yaani linawapiga umeme kidogo, wakiligusa na miguu mitupu, na nyumba nzima wakazoea kuvaa kandambili jikoni.

Tuliweka fito mpya ya shaba uani karibu na kisima cha zamani, maana kwenye matumbawe makavu fito haipati kitu, inataka unyevu. Juu ya hapo tukaweka RCD ya miliampia 30, ile breka inayokata umeme ukivuja, yenye kitufe kilichoandikwa T. Kile kitufe kibonyezeni kila baada ya miezi michache. Kisipozima umeme, piteni dukani.

Nyuma ya ubao wa fyuzi nikakuta na ukumbusho wa giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010, kebo ya baharini ilipoharibika na kisiwa kikakaa bila umeme wa gridi kwa miezi mitatu. Kipande cha waya chenye plagi ya kiume huku na huku, cha kuunganishia jenereta kwenye soketi yoyote. Wenyewe tunauita madume mawili. Plagi ikichomoka upande mmoja, meno yake yamesimama wazi na umeme wake, na meni, yaani swichi kuu ya nyumba, isipozimwa, umeme unatoka hadi kwenye nguzo alipo fundi wa shirika. Niliukata vipande mbele ya mlinzi. Jenereta inataka swichi yake ya kubadilishia, yenye pande mbili zisizokutana. Ndiyo, ni ghali.

Sasa hesabu, maana viyoyozi ndivyo vinavyolazimisha waya wote ubadilishwe. Nyaya za taa za zamani, zile za nyuzi tatu, hazifiki hata milimita 1.5 za mraba. Zilitosha taa, redio na pangaboi. Kaka alitaka viyoyozi vitano vya BTU 12,000, na kila kimoja kinakula kama kilowati 1.1. Hapo ni 5.5. Akataka hita mbili za bafuni za papo kwa papo, kilowati 5.5 kila moja, hapo ni 11 nyingine. Birika, pasi, jokofu, tumefika karibu 20. Laini ya fezi moja ya ampia 60 kwa volti 230 inakupa kilowati 13.8. Wakati wa magharibi, watu wanaoga na vyumba vinapozwa, meni itakuwa inaanguka kila siku. Tukabadilisha hita mbili kwa matangi ya lita 50 yenye kilowati 1.5 kila moja, na mzigo ukashuka hadi 12 na ushei bila kuomba fezi tatu. Kila kiyoyozi kikapewa saketi yake ya waya wa milimita 2.5 za mraba na breka yake.

Nikarudi kwenye video ya Maskati. Nilimweleza hivi: kaka, nyumba yako huko ina dari ya zege, na chini yake wameshusha dari ya pili ya jipsam tangu siku ya ujenzi. Katikati yake yanapita mabomba ya hewa mapana ya sentimita 25 au 30, yamevikwa blanketi lisipite joto. Huku ukitaka hayo, lazima niteremshe jipsam chini ya boriti za babu yako. Chumba cha upana wa mita tatu kitakuwa kama sanduku. Hewa yetu ina unyevu mwingi, palipopasuka blanketi bomba litatoa jasho ndani ya dari mahali hakuna jicho, na mchwa watakuwa wanakula boriti wewe unasifia taa za dari. Alinyamaza kidogo. "Boriti zisifunikwe," akasema. "Baba alikuwa anazipaka mafuta mwenyewe."

Basi tukaenda na vya ukutani, na hapo ndipo njia inapotafutwa kweli. Tundu la kila kiyoyozi ni la milimita 65 hivi. Tulitoboa taratibu pembeni mwa madirisha, mahali ambapo ukuta umeshatulizwa na kizingiti, tundu likiinamia nje ili mvua isiingie. Mitambo ya nje haikuwekwa upande wa barabara. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na Mamlaka ya Mji Mkongwe wana haki kukuuliza unaning'iniza nini kwenye uso wa nyumba. Tuliipandisha juu ya paa la choo upande wa uani, na mabomba yote yakateremka kwenye pembe moja nyuma ya ngazi, waya wa umeme upande wake na bomba la maji upande wake.

Hilo bomba la maji ndilo watu wanalidharau. Kiyoyozi kimoja msimu wa joto kinaweza kutoa lita nzima kwa saa, pengine zaidi. Niliwahi kuitwa kwenye gesti moja kuangalia taa zinazozimika, nikaona ukutani mstari mweusi chini ya kiyoyozi. Aliyekifunga alikuwa ameishilizia bomba la maji ndani ya ukuta, akapiga lipu juu yake, akaenda zake. Nilichokonoa ncha ya boriti kwa bisibisi, ikaingia yote mpaka kwenye mpini kama naingiza kwenye mkate wa mofa. Juu ya boriti ile kulikuwa na kitanda na wageni wawili. Teremsho la sentimita moja kwa kila mita, bomba likaishia mahali unapoyaona maji yakitoka. Hakuna siri nyingine.

Feni za bafuni, kwa ufupi: bomba lake liwe gumu, la milimita 100, fupi, lenye kona chache, na litoke nje. Lile la kukunjika kama akodioni linabana hewa, na mvuke unaoachwa juu ya dari ya mbao utakuja kuuona ukutani. Acheni na nafasi chini ya mlango, feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia.

Vyumba viwili vya uani kaka hakuviwekea kiyoyozi. Milango yake ina matundu ya hewa juu, ua uko wazi, ngazi inavuta upepo kama bomba la moshi. Pangaboi linatosha, na aliyeijenga ile nyumba alishaifanya kazi hiyo kabla yangu.

Kabla fundi chokaa hajagusa kitu, nilipiga picha kila ukuta, futi kamba imelazwa juu yake, namba zinasomeka kutoka sakafuni na kutoka mlangoni. Picha 114. Nilimtumia kaka zote, na nakala nikazichapisha nikazitia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mlango wa kisanduku cha breka. Atakayekuja kutundika picha ya mzee ukumbini aanze kwa kuufungua huo mfuko, maana waya unapita sentimita 40 kulia kwa mlango, wima mpaka juu.