Imani ya umma wakati wa mlipuko wa ugonjwa: ni nini, na inabadili nini

Imani ya umma ni utayari wa wananchi kufuata maelekezo ya afya wasiyoweza kuyahakiki wenyewe. Muuza viazi wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, hana hadubini ya kuonea kirusi. Anachoweza kupima ni yule anayezungumza. Je, analijua jambo? Anasema kweli hata pale ukweli unapomuumbua? Na anajua mimi nakula nini nikifunga meza?

Si kila tabia inadai imani kwa kiwango kilekile. Kunawa kwa sabuni na maji tiririka sekunde 20 hakumgharimu mtu: weka ndoo yenye koki mlangoni, hata mwenye mashaka atanawa. Ugumu uko kwenye tabia za gharama: kujitenga siku 14 mahindi yakisubiri kuvunwa, kutaja uliokutana nao, kutoosha maiti ya ndugu, kuchomwa sindano ukiwa mzima. Dereva wa lori aliye kwenye foleni ya mpakani Tunduma, akijua kwamba kukiri homa ni kuzuiwa bila posho wala chakula, atameza dawa ya kushusha joto kabla hajafika kwenye kipimo. Huo si ujinga, ni hesabu. Mpe chakula na uhakika wa mzigo wake, hesabu itabadilika.

Tena imani si utiifu, na kuwa nayo nyingi si kinga. Mwaka 2020 takwimu za korona za taifa zilikoma kutolewa zikiwa na wagonjwa 509, na Juni Rais Magufuli akatangaza kuwa ugonjwa umekwisha. Aliyeamini alikuwa na kila sababu ya kuvua barakoa. Januari 2021 Rais huyohuyo alitilia shaka chanjo. Julai 28 Rais Samia akachanjwa hadharani. Ilikuwa miezi sita tu, na mwananchi ni yuleyule. Aliyesema ngoja kwanza alikuwa na haki ya kuuliza nini kimebadilika, na jibu alilihitaji kwa mtu anayemfahamu: nesi wa zahanati, mchungaji, balozi wa nyumba kumi.

Mahali imani inapovunjika mara nyingi ni padogo mno: maudhi madogo, yaani usumbufu mwepesi baada ya kuchanjwa. Janssen, chanjo ya kwanza ya korona kutolewa nchini, ilikuwa dozi moja ya mililita 0.5 begani. Homa, kichwa na mkono kuuma kwa siku moja au mbili ni kawaida. Mchanjaji akinyamaza, mtu anatetemeka usiku huko Makete, anapiga simu kwa dada yake, na kesho kitongoji kizima kinajua kwamba chanjo inaua. Akielezwa kabla ya sindano, homa ileile inathibitisha kuwa nesi alisema kweli. Kwa hiyo kabla ya kuchoma, taja kitakachotokea, kitadumu muda gani, na hali gani imrudishe kituoni. Kisha akae dakika 15 ukimwangalia, na akirudi siku ya tatu akilalamika, apokelewe bila kubezwa.