Kurenda picha zote za mradi kwa skripti moja ya Rhino

Mteja akishakubali mchoro, kazi ya kurenda, yaani kuifanya kompyuta itoe picha za jengo kutoka kwenye mchoro, ndiyo kwanza inaanza. Nyumba moja ya ghorofa itahitaji picha kama nane: mbele, nyuma, getini, sebuleni, jikoni, barazani, kwenye ngazi, na moja ya kutoka juu. Halafu simu inaita: "Injinia, hebu tuone na paa la vigae." Nane zimekuwa kumi na sita. Kesho yake dirisha la sebule lipanuliwe, na zote zirudiwe.

Anayebofya Render, akasubiri, akahifadhi, akahamia mtazamo mwingine, atachoka, lakini uchovu si hoja. Hoja ni kwamba picha za leo hazitalingana na za wiki iliyopita. Kamera imesogea kidogo, leya (tabaka la mchoro) ya fanicha imeachwa imezimwa, jua limehama. Mteja akiziweka sambamba hajui kilichobadilika ni nyumba au ni picha. Mimi natumia skripti, yaani orodha ya maagizo ambayo kompyuta inayatekeleza yenyewe, kwanza kabisa kwa ajili hiyo: kila seti itoke kwa namna ileile. Muda ninaouokoa ni faida ya juu yake.

Nitaeleza kwa Rhino, programu ya kuchora kwa pande tatu (3D), maana ndiyo ninayofanyia kazi kila siku. Tangu Rhino 5 ina Python, lugha ya kuandikia skripti, ndani yake. Unaandika EditPythonScript kwenye mstari wa amri na dirisha la kuandikia linafunguka. Katika Rhino 8 tumia ScriptEditor.

Kabla ya skripti, elewa alama mbili ndogo. Ukiita SaveRenderWindowAs, amri ya kuhifadhi picha, hivihivi, programu inafungua kisanduku ikikuuliza jina la faili, na skripti itakwama hapo mpaka mtu aje abofye. Ukitanguliza kistari (-), swali lilelile linaulizwa kwenye mstari wa amri, ambako skripti inaweza kulijibu yenyewe. Alama ya pili ni mstari wa chini (_): unaiambia Rhino kwamba jina la amri ni la Kiingereza, hata kama programu yenyewe imewekwa kwa lugha nyingine. Mwenzetu wa Bujumbura au Lubumbashi mwenye Rhino ya Kifaransa akiuacha, skripti ya kutoka Dar es Salaam haitamfanyia kazi.

Basi skripti yenyewe ni hii:

```
import rhinoscriptsyntax as rs
import os

folda = r"D:\miradi\nyumba_a\picha"
rs.RenderResolution((1920, 1080))

for mtazamo in rs.NamedViews():
    faili = os.path.join(folda, mtazamo + ".png")
    if os.path.exists(faili):
        continue
    rs.RestoreNamedView(mtazamo)
    rs.Command("_-Render", False)
    rs.Command('_-SaveRenderWindowAs "' + faili + '"', False)
    rs.Command("_-CloseRenderWindow", False)
```

Inachukua kila mtazamo uliouhifadhi kwa jina (Named View), inaurudisha kwenye kidirisha, inarenda, inahifadhi, inafunga, inaendelea na unaofuata. Kabla ya kuianzisha bofya kidirisha cha Perspective ili ndicho kiwe hai. Folda nayo iwe ipo tayari. Skripti hii haiiundi.

Mistari miwili ninayoithamini kuliko yote ni ule wa os.path.exists na continue iliyo chini yake. Kama picha ipo tayari, iruke. Umeme ukikatika saa nane usiku katikati ya picha ya tano, asubuhi unaiwasha skripti tena na inaanzia hapohapo kwenye ya tano. Faili huandikwa baada ya picha kukamilika, kwa hiyo picha iliyokatishwa njiani haiachi faili nusu la kuidanganya skripti. Na mteja akibadilisha jiko tu, futa picha ya jikoni, endesha tena, basi.

Majina ya mitazamo ndiyo yatakuwa majina ya faili, kwa hiyo yape nidhamu: 01_getini, 02_mbele, 03_baraza. Usitumie mkwaju wala nukta mbili, Windows haizikubali kwenye jina la faili.

Kwa paa la mabati na la vigae, weka kila paa kwenye leya yake, kisha zungusha kitanzi kingine (mistari ya "for" inayojirudia) nje ya hiki: rs.LayerVisible inawasha leya moja na kuzima nyingine, na jina la paa linaongezwa kwenye jina la faili. Hapo kumi na sita zinatoka bila mkono wa mtu.

Usiiache usiku kucha bila jaribio. Badilisha saizi iwe 480 kwa 270, na folda iwe nyingine. Hiyo ni pikseli moja tu kwa kila kumi na sita za saizi kamili, na inatosha kukuonyesha mlango unaoelea au kamera iliyoingia ukutani.

Sasa jua, ambalo kwetu linastahili uangalifu zaidi. Mafunzo mengi ya mtandaoni yameandikwa Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana huwa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Mchana wa Juni 21 jua liko upande wa kaskazini, kama nyuzi 60 juu ya upeo. Desemba 21 liko kusini, kama nyuzi 73. Kuanzia karibu Oktoba 10 hadi mwanzoni mwa Machi, ukuta wa kusini ndio unaopigwa na jua la adhuhuri. Picha moja ya kivuli cha baraza haitoshi kumwambia mteja ukweli. Mimi hurenda tarehe hizo mbili, kila moja kwa saa tatu tofauti, na skripti ndiyo inayohamisha jua: RhinoCommon, maktaba ya Rhino ambayo skripti inaweza kuitumia, ina SetPosition inayopokea tarehe na saa, latitudo na longitudo.

Kumbuka pia kwamba saa zetu zinafuata longitudo 45 mashariki, ilhali Dar iko 39.3. Jua hufika kileleni wastani wa dakika 23 baada ya saa sita mchana, si saa sita kamili.

Kwenye jina la faili naacha saa ya kompyuta, 0900, 1200, 1600, ili zijipange zenyewe. Maandishi ya chini ya picha nayaandika kwa saa zetu: chukua saa ya kompyuta, ongeza sita, gawanya kwa kumi na mbili, chukua baki, baki likiwa sifuri, ni kumi na mbili. Mteja anasoma "saa tatu asubuhi, Desemba" na anajua mara moja kama ataweza kukaa barazani hapo.