Je, wajua kwa nini ukoo wa Salahuddin uliangushwa na watumwa wake wenyewe?

Salahuddin Al-Ayyubi, Mkurdi mzaliwa wa Tikrit, aliukomesha ukhalifa wa Wafatimi nchini Misri mwaka 1171, na mwaka 1187 akaitwaa Jerusalem. Ukoo wake ukaitwa Ayyubi kwa jina la baba yake, Ayyub. Ajabu ni kwamba Misri haikuwatoka mikononi kwa upanga wa Wanamsalaba, askari Wakristo kutoka Ulaya. Waliowapindua, mwaka 1250, ni mamluki, yaani askari watumwa walionunuliwa na sultani wao.

Mzizi wa jambo ni mirathi. Dola ilihesabiwa mali ya jamaa, ikagawanywa kama shamba. Salahuddin alipofariki mwaka 1193, wanawe watatu walishika Damascus, Cairo na Aleppo, kisha mdogo wake al-Adil akazitwaa Damascus na Cairo. Vita vya ndugu kwa ndugu havikukoma tena.

As-Salih Ayyub, mjukuu wa al-Adil, aliyaonja hayo mwenyewe. Mwaka 1239 askari wake walimkimbia, binamu yake an-Nasir Dawud akamfunga katika ngome ya Karak. Waliobaki naye ni mamluki wachache tu. Alipopata usultani mwaka uliofuata, akawanunua kwa wingi vijana wa Kikipchaki kutoka nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Vita vya Wamongolia vilikuwa vimejaza mateka sokoni. Akawaweka kisiwani Rawda, katikati ya Nile, wakalelewa kwa silaha.

Kwa mtu aliyesalitiwa na jamaa zake, ilikuwa hesabu nzuri. Ila utii wao ulikuwa kwake yeye, si kwa ukoo.

Mwaka 1249 Mfalme Louis IX wa Ufaransa aliteka Damietta, bandari ya Misri, na Novemba as-Salih akafa vita vikiendelea. Mjane wake, Shajar ad-Durr, akakificha kifo hicho. Mamluki wakashinda vita vya al-Mansura. Akaja mrithi, Turanshah, mwana wa as-Salih; Louis alipokwisha kutekwa, Turanshah akawapa vyeo watu wake mwenyewe. Wanahistoria wa zama zile wanasimulia kwamba akilewa alikata vichwa vya mishumaa kwa upanga, akisema hivyo ndivyo atakavyowafanya mamluki wa baba yake.

Walimwahi, wakamuua Mei 1250. Shajar ad-Durr, naye aliyekuwa mtumwa, akatawala kwa miezi michache kabla ya kuolewa na kamanda Aybak, aliyeshika usultani. Ayyubi wa Damascus na Aleppo walidumu hadi Wamongolia walipofika mwaka 1260. Wale wa Hama walibaki, lakini chini ya mamluki.