Msuli ukikaza usiku: yasemwayo kuhusu dawa za saratani, na ukweli wake

Saa nane za usiku kigimbi kinakaza kama jiwe, vidole vya mguu vinajikunja vyenyewe, na mgonjwa anashuka kitandani akitafuta pa kukanyaga. Kukicha, kila aliyesikia ana jibu lake. Mengi ya majibu hayo hayana madhara. Machache yanaweza kuua.

"Saratani imeingia kwenye misuli."

Hofu hii humnyima mtu usingizi kuliko maumivu yenyewe, basi tuanze nayo. Saratani kusambaa hadi ndani ya msuli ni jambo la nadra. Kwa aliye kwenye matibabu, mshukiwa wa kwanza ni dawa. Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa aina mojawapo ya saratani ya damu, inajulikana kwa kukaza vigimbi, nyayo na mikono. Vismodegibu, inayotibu aina fulani ya saratani ya ngozi, imezidi hata hapo: katika majaribio yake, takriban wagonjwa 7 kati ya 10 walikakamaa misuli.

"Kukaza ni kukaza, dawa yake ni moja."

Hapa ndipo wengi wanapopotea, maana msuli hukaza kwa njia nyingi. Sisplatini, dawa ya tibakemia (dawa kali za kuua seli za saratani), huzifanya figo zimwage magnesiamu kwenye mkojo, na msuli uliopungukiwa madini hayo hushtuka ovyo. Dawa za kulinda mifupa kama denosumabu na asidi ya zoledroniki zinaweza kushusha kalsiamu. Dalili yake nyingine ni ganzi kuzunguka midomo. Oksaliplatini, nayo ya tibakemia, hugusa neva: saa au siku chache baada ya dripu, kushika kitu cha baridi tu kunatosha kukaza vidole, na kinywaji cha baridi hubana koo na taya. Huyu wa oksaliplatini atasaidiwa zaidi na glavu na vinywaji vya uvuguvugu kuliko na kidonge chochote cha madini. Imatinibu nayo ina vituko vyake: mgonjwa anakakamaa kila usiku, akipimwa kalsiamu na magnesiamu vyote viko sawa.

"Kula ndizi, kunywa maji mengi, yataisha."

Ndizi moja ya wastani ina takriban miligramu 400 za potasiamu. Aliyetapika au kuharisha siku kadhaa huenda kweli amepungukiwa. Mwenye kiwango cha kawaida hafaidiki kwa kuongeza, na mwenye figo dhaifu anajitafutia balaa, kwani potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Maji ni mazuri kwa kiasi. Yakipita kiasi huzimua sodiamu ya damu. Vidonge vya magnesiamu vina sifa kubwa kuliko kazi yao: uchambuzi wa mwaka 2020 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, ulionyesha kwamba haielekei kuwapa wazee wenye misuli inayokaza bila sababu maalumu nafuu ya maana. Aliyepungukiwa kwa sababu ya sisplatini ni habari nyingine, lakini huyo atajulikana kwa kipimo cha damu, si kwa kukisia.

"Kwinini huikomesha."

Ushauri wa zamani huu, na bado unazunguka. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza kwinini zisizoidhinishwa ziondolewe sokoni, ikaonya zisitumiwe kwa misuli ya miguu. Kwinini inaweza kuangusha chembe za kugandisha damu na kuharibu mapigo ya moyo. Sasa fikiria mtu ambaye chembe hizo zimeshashushwa na tibakemia.

"Ruka dozi mbili tatu, misuli itulie."

Huenda ikatulia kweli, na mtego uko hapo hapo. Kwa vismodegibu, daktari anaweza kumpumzisha mgonjwa aliyeelemewa hadi wiki 8. Kwa saratani ya damu inayodhibitiwa na imatinibu, dozi zinazorukwa huipa nafasi ya kurudi. Uamuzi wa kupunguza au kusimamisha dawa ni wa daktari, naye hawezi kuamua juu ya asichoambiwa. Andika saa, msuli uliokaza, na siku zilizopita tangu dozi. Peleka na orodha ya dawa zako zote, hata zile za kushusha lehemu: imatinibu hupandisha simvastatini mwilini, na simvastatini yenyewe huumiza misuli.

"Ni kuvumilia tu."

La. Ukikazwa, nyoosha goti na uvute vidole vya mguu kuelekea kwenye muundi mpaka kigimbi kilegee, kisha weka kitambaa cha moto (usifanye hivyo kwenye ngozi iliyokufa ganzi, utaungua bila kujua). Kabla ya kulala, simama mbele ya ukuta, visigino vikae chini, uegemee mbele kwa nusu dakika, urudie mara chache.

"Kila maumivu ya kigimbi ni msuli."

Msuli uliokaza huachia baada ya sekunde au dakika chache, hata ukibaki na uchungu. Mguu mmoja unaovimba, ukapata joto na kuuma bila kuachia huenda una damu iliyoganda. Lenalidomaidi (dawa ya saratani ya uboho) na tamoksifeni (ya saratani ya matiti) huweza kuleta yote mawili, kukaza na kugandisha, ndiyo maana watu hudanganyika. Mguu wa namna hiyo usiukande; nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kama pumzi inakatika au kifua kinauma, usisubiri hata saa moja. Haraka hiyo hiyo inamhusu mwenye mkojo mweusi kama chai iliyokolea pamoja na misuli iliyoishiwa nguvu, na yule ambaye miguu yote miwili imelegea ghafla huku mkojo ukimtoka bila kujizuia.