Kisu kushika kutu si dalili ya ufeki

Pale Katwe, Kampala, fundi alikigeuza kisu changu cha Opinel, akaona doa karibu na mpini, akacheka: "Mzee, hapa umepigwa. Kisu cha Ufaransa kinashikaje kutu?"

Kinashika. Opinel ya chuma cha kaboni, sawa na higonokami (kisu cha kukunja cha Japani), haina kromiamu, metali inayozuia kutu, ya kutosha. Chuma kisichoshika kutu huhitaji angalau asilimia 10.5 hivi. Lakini chuma cha kaboni hunoleka upesi, hata kwa jiwe la kawaida. Kata embe bichi asubuhi: jioni bapa limeingia rangi ya kijivu-bluu, na rangi hiyo huchelewesha kutu nyekundu. Futa, kausha, paka mafuta kidogo (mimi hutumia ya cherehani). Mvivu anunue Opinel ya inox, yaani ya chuma kisichoshika kutu; nayo ni Opinel halisi.