Fedha zilirudishwa, sawa. Zilirudishwa lini?

Sentensi inayonikera kuliko zote ni hii: “Bunge lilikataa yale makato, kumbe wanaastronomia wa Marekani walipiga kelele bure.” Husemwa kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulinganisha namba mbili na kufunga daftari. Namba zenyewe ni za kweli. Kwa mwaka wa fedha 2026, Ikulu ya Marekani iliomba NSF, shirika la serikali linalofadhili utafiti wa sayansi, ipewe takriban dola bilioni 3.9 badala ya bilioni 9 na ushei, na sayansi ya NASA ishushwe kutoka karibu bilioni 7.3 hadi 3.9. Bunge likapitisha bilioni 8.75 kwa NSF na 7.25 kwa sayansi ya NASA, na rais akasaini Januari 2026. Ukipima mwanzo na mwisho, kilichopungua ni kidogo.

Lakini mwaka huo wa fedha ulianza tarehe 1 Oktoba 2025. Kati ya Oktoba na Januari serikali ilifungwa kwa siku 43, hadi 12 Novemba, kisha ikaja bajeti ya muda, inayoendeleza matumizi kwa kiwango cha mwaka jana. Na huo ndio msimu ambao idara za astronomia huamua zitachukua wanafunzi wangapi wa uzamivu. Mvua za masika zikinyesha Agosti, kipimo cha mwaka kitasoma milimita zilezile. Muulize mwenye shamba.

Mambo manne yanakwenda hapa kwa mwendo tofauti. Bajeti ya shirikisho ina umri wa mwaka mmoja. Ruzuku ya kawaida ya utafiti ni miaka mitatu. Uzamivu wa astronomia Marekani huchukua miaka mitano au sita, na kwa wengine saba. Darubini hupangwa kwa miongo. Mwanafunzi ndiye anayeishi ndani ya yote manne kwa wakati mmoja.

Twende mwezi kwa mwezi, maana hapa ndipo watu wanaporuka. Novemba, profesa anawasilisha andiko la mradi NSF, na ndani yake ameweka mishahara ya mwanafunzi mmoja kwa miaka mitatu. Desemba, maombi ya wanafunzi wapya yanafungwa. Januari na Februari kamati ya udahili inakaa, na swali la kwanza mezani halihusu ubora wa waombaji. Ni hili: nani ana fedha za kumbeba mtu kuanzia mwaka wa pili? Barua za udahili zinatoka, na mwombaji ana hadi 15 Aprili kujibu, tarehe ambayo vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana. Lile andiko la Novemba liko wapi? Pengine ndiyo kwanza jopo la wapitiaji limemaliza kulijadili. Afisa programu hawezi kuahidi chochote kwa sababu fungu lake mwenyewe halijui. Jibu linaweza kufika Juni, linaweza kufika Septemba.

Kwa hiyo idara inamwahidi kijana posho ya miaka mitano huku haijui ya mwaka huu itatoka wapi. Inafanyaje? Inakisia. Ina maprofesa kumi, kila mmoja ana maandiko mawili yanayosubiri, takriban moja kati ya matano hupita, basi ruzuku nne hivi zitaingia. Tuchukue watu kadhaa, na wakipungukiwa tutawaziba kwa kazi ya kufundisha. Mwaka wa kawaida makisio hayo hufanya kazi. Mwaka ambao pendekezo la Ikulu linasema zaidi ya nusu ya NSF iondoke, hakuna mkuu wa idara mwenye akili atakayekisia hivyo. Idara iliyozoea kuchukua wanane inachukua wanne, au inasema mwaka huu hatuchukui. Bajeti ikija kuwa nzuri baadaye, mwombaji wa tano hadi wa nane wameshakwenda kwingine. Humpigii simu mtu Julai ukamwambia karibu, fedha zimepatikana. Ameshapanga nyumba mji mwingine na anaandika programu za kampuni ya bima.

Na pengo hilo halizibwi mwaka unaofuata. Darasa lililochukuliwa nusu linabaki nusu kwa miaka sita yote: wasaidizi pungufu wa kufundisha, watu pungufu wa kuchakata data, na mwishoni wahitimu pungufu wa kuajiriwa kama watafiti wa muda.

Bajeti ya muda nayo inaeleweka vibaya. Watu hudhani “kwa kiwango cha mwaka jana” maana yake ni kwamba hakuna kilichobadilika. Kwanza, kwa kawaida miradi mipya hairuhusiwi kuanza. Pili, na hili ndilo kubwa, afisa mwangalifu hatumii hata kile anachoruhusiwa, kwa sababu akitoa ruzuku Desemba kwa kiwango cha mwaka jana, kisha Januari fungu lake likakatwa, hana pa kurudisha. Anashikilia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia ni la mwanafunzi ambaye ruzuku ya msimamizi wake ilikwisha Agosti na mpya “imependekezwa kupitishwa” lakini haijasainiwa.

Kufungwa kwa serikali nitakupitisha haraka. Vyombo vilivyoko angani huendelea kuangaliwa. Darubini za ardhini hutegemea bakaa ya mwendeshaji: mwaka 2013, siku chache tu baada ya serikali kufungwa, NRAO, kituo cha taifa cha astronomia ya redio, ilisimamisha darubini zake za VLA na Green Bank kwa kuishiwa. Kama ulikuwa unafuatilia mlipuko wa nyota unaofifia, nukta zinazokosekana kwenye grafu hazirudi.

Sasa bei. Ukitaka kuelewa kwa nini profesa anasitasita, fanya hesabu ya mwanafunzi mmoja kwa mwaka mmoja. Namba hizi ni za mfano, lakini mpangilio ndio wenyewe. Posho dola 40,000. Bima ya afya na mengineyo 4,000. Safari na gharama za kuchapisha 6,000. Jumla 50,000. Juu yake chuo kinaongeza gharama zisizo za moja kwa moja, tuseme asilimia 55: 27,500. Kisha ada, 20,000, ambayo kwa kanuni haiwekewi ile asilimia. Umefika 97,500. Kwa miaka mitatu ni dola 292,500, kabla profesa hajajilipa mshahara wa hata mwezi mmoja wa likizo ya kiangazi. Mwanafunzi anaona 40,000, tena kabla ya kodi.

Hiyo asilimia 55 ndiyo iliyozua vurugu ya 2025, NSF ilipotangaza Mei kwamba vyuo vitalipwa asilimia 15 tu, na mahakama ya shirikisho huko Massachusetts ikabatilisha Juni. Wanaoishangilia asilimia 15 hudhani tofauti ingekwenda kwa wanafunzi. Hapana. Umeme wa seva, usalama wa data, wahasibu wanaotakiwa na kanuni hizohizo za serikali: vyote vingebaki vinadai, na idara ingevilipa kutoka fungu gani? Fungu la kufundishia, lile lile linalowaziba wanafunzi ruzuku zinapochelewa. Hata hivyo nikiri: viwango hivi hujadiliwa chuo kwa chuo, na mtafiti mwenyewe anayevilipa mara nyingi hawezi kukueleza kwa nini jirani ana 52 na yeye ana 61. Tusiposhika kalamu tukavieleza vizuri, wengine watavieleza kwa niaba yetu.

Kuna jambo dogo la kihasibu ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote haya. NSF ina namna mbili za kutoa ruzuku. Moja ni ya mkupuo: miaka yote mitatu inalipwa kutoka bajeti ya mwaka mmoja. Nyingine ni ya awamu: mwaka huu unapata theluthi, na zilizobaki zinatoka bajeti zijazo. Chukua fungu la dola milioni 30 kwa mwaka, na ruzuku za dola 100,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Kwa awamu, kila mwaka una ruzuku 100 mpya na 200 zinazoendelea: milioni 30 kamili. Kwa mkupuo, ukishazoea, unatoa ruzuku 100 mpya za 300,000 kila mwaka: milioni 30 kamili. Hakuna tofauti, si ndiyo?

Tofauti iko kwenye kuhama. Mwaka wa kwanza bado unadaiwa milioni 20 za zile 200 za zamani. Umebaki na milioni 10, ambazo kwa mkupuo zinanunua ruzuku 33. Mwaka wa pili unadaiwa milioni 10, unabaki na 20, unatoa 66. Mwaka wa tatu ndipo unarudi kwenye 100. Jumlisha zilizokosekana: 67 na 34. Ruzuku 101, yaani mwaka mzima wa ruzuku mpya umeyeyuka, na katika miaka yote mitatu bajeti haikupungua hata senti. Anayesoma jedwali la bajeti hataona kitu. Ataona 30, 30, 30. Mwaka 2025 NIH, wale wa utafiti wa tiba, walielekezwa kwenda njia hiyo, kwa hiyo hii si hesabu ya ubaoni. Mkupuo wenyewe si mbaya. Ruzuku iliyokwisha kulipwa ni ngumu zaidi kuiminya mwaka unaofuata. Ubaya ni kuhama ghafla bila kuongeza fedha za kuvusha kipindi cha kuhama.

“Lakini si wamejenga darubini ya Rubin?” Wamejenga, kule Cerro Pachón, Chile: kioo cha mita 8.4, kamera ya megapikseli 3,200, picha za kwanza zikaonyeshwa Juni 2025. Ujenzi mkubwa wa NSF hutoka kwenye fungu lake maalumu, na fungu hilo haliruhusiwi kumlipa mwanafunzi wako. Likishamaliza kujenga, gharama za uendeshaji zinahamia kwenye fungu la kila siku, na huko zinakutana uso kwa uso na ruzuku za watafiti. Darubini mpya inaweza kabisa kupunguza fedha za watu wa kuitumia. Ndiyo maana mapitio ya 2012 ya miradi ya astronomia ya NSF yalipendekeza ijiondoe kwenye Green Bank na nyinginezo: hazikuwa zimechakaa, zilikuwa zinakula fungu lilelile.

Kwa NASA mambo ni tofauti. Mtafiti aliye Marekani akipewa muda wa kutumia darubini za angani za Hubble, Webb au Chandra, muda unakuja na fedha za kuchambua data, na fedha hizo zimelipia uzamivu wa watu wengi. Kwa hiyo pendekezo la mwaka wa fedha 2025 la kuishusha Chandra kutoka dola milioni 68.3 hadi 41.1 lilipotoka, lilisomwa kwenye habari kama hatima ya chombo kilichorushwa 1999. Idarani lilisomwa kama orodha ya posho.

Kuna pia GRFP, ufadhili wa NSF unaomfuata mwanafunzi mwenyewe: posho ya dola 37,000 kwa mwaka, miaka mitatu ndani ya mitano, kwa raia na wakazi wa kudumu. Aliye na viza ya mwanafunzi hana chake hapo. Kila masika huko Marekani zilikuwa zikitolewa tuzo kama 2,000. Aprili 2025 zikatangazwa 1,000. Makelele yakapigwa, na Juni zikaongezwa 500. Ukitaka kuona hoja yangu yote kwa macho, itazame hiyo Juni. Mwombaji ambaye idara ingemchukua kwa furaha kama angekuja na ufadhili wake alikuwa amekwisha kunyimwa nafasi miezi mitatu kabla ya barua kufika.

Nina mashaka yangu, na siyafichi. Kushindania moja kati ya matano, jopo linatenganisha andiko zuri na baya bila shida, lakini kati ya la pili na la sita ni kama kurusha sarafu, na juu ya sarafu hiyo tunaning’iniza miaka ya mtu. Pia kazi za kudumu za astronomia ni chache kuliko wahitimu, jambo linalojulikana tangu zamani, na sehemu ya sababu tunadahili wengi ni kwamba tunahitaji mikono ya kusahihisha mitihani ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mtu akija na mpango wa kupunguza udahili taratibu kwa miaka kumi, nitakaa kumsikiliza. Kufunga bomba Oktoba na kulifungua Januari si mpango wa aina yoyote.

Kwa aliye na barua ya udahili mkononi, maswali ya kumuuliza msimamizi mtarajiwa ni haya, na usione haya kuyauliza. Fedha zangu za mwaka wa pili zinatoka ruzuku ipi, na inaisha tarehe gani? Ni ya mkupuo au ya awamu? Ikichelewa kuhuishwa, idara ina nafasi ngapi za kufundisha, na ni nani mwingine aliye kwenye foleni? “Miaka mitano imehakikishwa” imeandikwa kwenye barua, au inategemea upatikanaji wa fedha? Na akikuambia kwamba ruzuku itaongezewa mwaka, muulize kama ni nyongeza ya fedha au ya muda tu, kwa sababu ile ya kawaida, ambayo chuo hujipa chenyewe mara ya kwanza kwa miezi 12, inasogeza tarehe na haiongezi dola hata moja.